Kodi ya Siri

Ziko hadithi za vita, na ziko hadithi za safari za baharini, na ziko za wauaji wa njiani. Lakini hadithi inishikayo kuliko zote ni ile isiyovuka kizingiti. Ndani yake hamna jeshi wala jangwa. Mna mume na mke, watoto, mtumishi mmoja au wawili, meza ya chakula, sanduku lenye kufuli, na jambo moja lililofukiwa zamani. Kisha hutokea mtu ajuaye mahali lilipofukiwa. Mtu huyo hana upanga wala bunduki. Hupiga hodi kwa adabu, huketi, hupokea kahawa, na husema kwamba ana shida ndogo ya fedha. Tangu saa hiyo nyumba haina usingizi.

Nimezisoma hadithi za namna hii kwa miaka mingi, kwanza kwa hamu ya kujua mwisho wake, na baadaye kwa sababu nyingine nitakayoieleza mahali pake. Wako wanachuoni wazidharauo. Husema kwamba ni vitabu vya kupitishia saa katika gari la moshi, na kwamba mtu akisha kujua siri ilikuwa nini hana haja navyo tena. Mimi sioni hivyo. Kitabu cha namna hii kikitungwa vizuri hufanya uchunguzi ambao vitabu vingi vya maadili haviufanyi: huuliza nyumba ina thamani gani mbele ya ukweli, na ukweli una bei gani mbele ya nyumba. Swali hili si la vitabuni tu.

Kwanza na tulitazame tendo lenyewe. Kumdai mtu fedha kwa kumtishia kwamba siri yake itatolewa ni jambo ambalo sisi hulieleza kwa maneno mengi. Waingereza wana neno moja kwa ajili yake, na asili ya neno hilo ni kodi. Katika karne ya 16, mpakani mwa Uingereza na Uskoti, palikuwa na magenge ya wapanda farasi walioiba ng'ombe na kuchoma mashamba. Mkulima aliyetaka kusalimika aliwalipa wasimguse, na malipo hayo yaliitwa kodi nyeusi. Baadaye neno likahama zizini likaingia sebuleni. Yule aliyelipa asichomewe ghala, mjukuu wake alilipa asichomewe jina. Naona kwamba wazee wale walilichagua neno vizuri, maana kodi ina sifa moja inayoitenga na deni: deni hulipwa likaisha, lakini kodi hulipwa na kesho ikarudi.

Sheria nayo imepata taabu kidogo kulieleza jambo hili. Kusema kweli juu ya mtu si lazima kuwe jinai. Kumwomba mtu fedha si jinai. Walakini mambo haya mawili, ambayo kila moja peke yake laweza kuwa halali, yakifungwa pamoja kwa kamba ya tishio huwa jinai kubwa. Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka 1968, katika kifungu cha 21, yamhesabu mwenye kudai kwa vitisho pasipo haki kuwa mkosaji, na mkosaji huyo aweza kufungwa hata miaka 14. Tazama, msomaji, kwamba mdai aweza kuwa anasema kweli tupu na bado akawa mkosaji. Kinachoadhibiwa hapo si ukweli. Ni kule kuupeleka ukweli sokoni.

Sasa na tuingie katika nyumba mbili za vitabuni, tuone kodi hii hutozwaje.

Nyumba ya kwanza ilijengwa mwaka 1862 na mwandishi wa kike wa Kiingereza, Mary Elizabeth Braddon, katika kitabu kiitwacho Lady Audley's Secret. Mke kijana ameachwa na mumewe, ambaye amekwenda Australia kutafuta dhahabu bila ya kumuaga. Mke hubadili jina, hupata kazi ya kufundisha watoto, na huolewa na mzee tajiri mwenye cheo. Mume wa kwanza hurudi. Mke humsukuma kisimani. Lakini mtumishi wake wa kike, pamoja na mchumba wa mtumishi huyo, wamekwisha kuona katika sanduku lake la vito kiatu kidogo cha mtoto mchanga na kishungi cha nywele, na kwa vitu hivyo viwili wamejua ya kuwa bibi yao ana maisha mengine nyuma yake. Mchumba hudai fedha ya kufungulia nyumba ya ulevi, akapewa. Hudai tena, akapewa tena. Mwisho bibi huyo hutia moto nyumba ile usiku akitaka kumwangamiza mtu anayempeleleza. Mpelelezi husalimika, na anayekufa baada ya moto ule ni yule mdai. Na mume aliyesukumwa kisimani, kumbe, alikwisha kutoka mzima.

Aliyesoma kitabu hiki kwa haraka huona mwanamke mwovu tu. Aliyekisoma pamoja na historia huona zaidi. Kabla ya mwaka 1857 mtu katika Uingereza hakuweza kuivunja ndoa yake kabisa, na kuwa huru kuoa au kuolewa tena, ila kwa sheria maalumu ya Bunge, na gharama yake ilikuwa ya matajiri. Sheria mpya ya mwaka 1857 ilifungua mahakama, lakini haikufungua mlango sawasawa: mume alitosha kuthibitisha uzinzi wa mkewe, na mke alipaswa kuthibitisha uzinzi wa mumewe pamoja na kosa jingine juu yake, kama ukatili au kumtupa kwa miaka miwili. Basi mke ambaye mumewe ametoweka ng'ambo, asijue yu hai au amekufa, alikuwa si mke wala si mjane. Sisemi haya ili kulihalalisha kosa la kumtosa mtu kisimani. Nayasema kwa kuwa yanatuonyesha siri hutoka wapi. Aghalabu siri haizaliwi na uovu wa mtu mmoja. Huzaliwa pale ambapo desturi imefunga kila mlango wa halali, na mtu akapita dirishani.

Nyumba ya pili ni ya Henrik Ibsen, Mnorwei, nayo ilionyeshwa jukwaani mara ya kwanza mjini Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879. Waingereza huita mchezo huo A Doll's House. Nora, mke wa Torvald Helmer, alikopa fedha kwa siri ili ampeleke mumewe mgonjwa Italia akapone. Mwanamke hakuweza kukopa bila ya dhamana ya mwanamume, naye hakutaka kumsumbua baba yake aliyekuwa kitandani kufani; basi akaiandika sahihi ya baba kwa mkono wake mwenyewe. Kosa lake likajificha katika tarehe: hati yaonyesha kwamba baba alitia sahihi tarehe 2 Oktoba, na baba alikuwa amekufa tarehe 29 Septemba. Mkopeshaji, Krogstad, aliligundua jambo hilo akanyamaza nalo. Miaka ikapita. Torvald akapona, akapewa cheo cha kusimamia benki, na kazi moja aliyoikusudia ni kumfukuza Krogstad, ambaye alikuwa mtumishi wa benki hiyo. Ndipo Krogstad alipokuja kwa Nora.

Mchezo huu wanifundisha mambo matatu. La kwanza, mdai si shetani aliyetoka kuzimuni. Krogstad ni baba wa watoto, naye aliwahi kufanya kosa kama lile la Nora. Anachokitaka si dhahabu bali kazi yake na jina lake. La pili, kifaa cha hofu ni kitu kidogo cha nyumbani. Krogstad hutia barua ndani ya sanduku la barua lililo mlangoni, na ufunguo wa sanduku hilo yuko nao mume. Nora huiona barua kwa kupitia kioo, na hawezi kuitoa. Hucheza ngoma, hucheka, hulisha wageni, na muda wote huo karatasi imelala pale pale. La tatu ndilo kubwa. Torvald anapoisoma barua humlaani mkewe na kumwambia kwamba hafai kulea watoto; kisha hati inaporudishwa, na hatari kupita, hushangilia kwamba yeye ameokoka. Nora huisikia kauli hiyo, na huona kwamba alichokuwa akikiogopa miaka yote hakikuwa Krogstad. Alikuwa akimwogopa mumewe. Mdai alikuwa mtoza kodi tu; mwenye ufalme alikuwa ndani.

Hapo ndipo ninapoliona fundisho la aina nzima ya hadithi hizi. Mtu wa nje hana nguvu ila ile aliyokopeshwa na mtu wa ndani. Nyumba ambayo mkosaji aweza kusema ndani yake, "Nimefanya jambo hili, nisikieni," haitozwi kodi, hata ikiwa na makosa mengi. Na nyumba ambayo neno hilo haliwezi kutamkwa hutozwa, hata ikiwa kosa lake ni dogo. Haya hayakuwa mambo ya kubuniwa tu. Ibsen alimjua mwandishi wa kike, Laura Kieler, ambaye alikopa kwa siri kwa ajili ya matibabu ya mumewe, akaghushi hati ya fedha ili alipe, na mambo yalipojulikana akatiwa katika hospitali ya wenye wazimu na kutengwa na watoto wake. Huyo hakutoka kwa kuufunga mlango nyuma yake; mlango alifungiwa.

Katika Kiswahili, hadithi ya upelelezi iliingia na Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi kikafuata mwaka 1968. Wasomaji wengi humkumbuka Bwana Msa kwa kiko chake na kwa ukali wa akili yake. Mimi humkumbuka kwa jambo jingine. Mpelelezi wa London hutazama majivu ya tumbaku na nyayo za viatu; Bwana Msa mara nyingi hutazama nasaba. Fumbo la Abdulla aghalabu hufunguka pale inapojulikana nani alizaliwa na nani, nani aliolewa na nani zamani, na jina lipi lilibadilishwa. Mwandishi yule aliijua pwani yake. Alijua kwamba kwetu kitu kifukiwacho chini ya nyumba si hati ya benki, bali ni mtoto.

Nimefika sasa kwenye ile sababu ya pili niliyoahidi kuieleza. Nimepewa ruhusa na baba yangu kuieleza, na wengine wote wanaohusika wamekwisha kuzikwa.

Nimekulia Tanga nikiwa na bibi wawili upande wa baba. Mmoja, aliyekuwa mkubwa, ndiye aliyemlea baba yangu, na baba alimwita Mama. Mwingine alikuwa mdogo wake, aliyeolewa Pangani, na baba alimwita Mama mdogo. Ukweli ulikuwa kinyume. Baba yangu alizaliwa na huyu mdogo mwaka 1946 kabla hajaolewa. Dada mkubwa alikuwa na mume na hana mtoto. Alimchukua mdogo wake kutoka Pangani, akamweka ndani miezi mitano pasipo kuonekana, na mtoto alipozaliwa ikasemwa kwamba Mungu amemjalia yeye. Babu, mumewe, alilijua jambo hilo akaliridhia. Alikuwa baharia wa jahazi, na mtu wa maneno machache. Mwaka 1948 mdogo akarudi Pangani akaolewa na mume asiyejua neno.

Dada hawa walijua kusoma Kurani, lakini kuandika barua hawakujua. Palikuwa na mwandishi wa barua karibu na soko, mtu wa heshima, aliyeandika kwa malipo barua za watu wa mtaa na kuwasomea majibu. Watu wa siku zile walimpa mtu wa namna hiyo yale ambayo hawakumpa hata sheikh: posa, talaka, deni, ugonjwa. Siku moja ikaja barua kutoka Pangani, imeandikwa na kijana wa huko kwa maneno ya bibi mdogo kama alivyoyatamka, na ndani yake mlikuwa na swali hili: "Mtoto wangu ameota meno?" Neno moja lilitosha. Yule karani aliisoma barua mpaka mwisho bila ya kubadili sauti, akaikunja, na akasahau kuirudisha.

Babu alipofariki mwaka 1952, karani alianza kufika nyumbani. Hakutishia hata siku moja. Bibi alinieleza kwamba katika miaka yote ile hakusikia kwake neno la ukali. Alipiga hodi, alitoa salamu, alimuuliza mtoto anaendeleaje na chuo, kisha alisema, "Bi mkubwa, mwezi huu mambo yamenikalia vibaya; nitazame kwa jicho la huruma." Naye bibi alimtazama kwa shilingi tano, na baadaye kwa shilingi kumi. Alipika maandazi na kushona kofia ili azipate. Mwaka 1966 shilingi ya Tanzania ilichukua mahali pa ile ya Afrika Mashariki. Sarafu ilibadilika, kodi haikubadilika. Katika hadithi ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1904, Charles Augustus Milverton, yupo mtu anayenunua barua kwa watumishi wa nyumba za wakubwa na kuwauzia waandishi wake kwa maelfu ya pauni. Karani wetu hakuhitaji kununua. Barua zilimjia zenyewe, na juu yake akalipwa ujira wa kuzisoma.

Mwaka 1971 baba yangu alipeleka posa. Karani akaja, na mara hii hakuomba kumi. Aliomba mia mbili, akisema kwamba arusi ni jambo la furaha na kila mtu hupata fungu lake. Bibi alimwomba siku tatu. Usiku wa pili alimwita baba yangu chumbani, akafunga mlango, akamweleza yote. Alikuwa na hoja nzito kuliko ile mia mbili. Arusi huulizwa nasaba. Na kijana asiyejua amezaliwa na nani aweza kuposa dada yake pasipo kujua. Ndiyo maana dini inakataza nasaba isifichwe. Siri nyingine humdhuru mwenye siri tu, lakini hii ilimdhuru mtu asiyekuwa na habari nayo, naye alikuwa na haki ndani yake.

Baba alinyamaza siku nzima. Kisha akamwuliza swali moja: "Mama, yeye anajua kwamba mimi najua?" Aliendelea kumwita Mama mpaka alipomzika. Karani aliporudi siku ya tatu alimkuta baba barazani, akaambiwa kwa upole kwamba bidhaa yake imeshuka bei, na kahawa ile aliyoinywa ndiyo ya mwisho. Hakurudi tena. Hadithi ya kitabuni ingekoma hapo, na msomaji angekifunga kitabu kwa raha.

Lakini haikukoma. Wazazi wa mama yangu walipaswa kuambiwa, nao waliambiwa. Na nyumba ya arusi ina masikio mengi. Kabla ya mwezi kwisha maneno yalikuwa yamefika Pangani. Mume wa bibi mdogo hakumwacha, wala hakumpiga. Alifanya jambo moja: hakumwita tena mama wa watoto wake mbele za watu. Bibi mdogo hakufika arusini, wala hakuja Tanga kwa miaka kumi na mmoja. Alikuja mwaka 1982 dada yake alipougua ugonjwa wa mwisho. Alimuuguza, alimwosha, akarudi kwake. Nilipokuwa mtu mzima nilimwendea Pangani nikamuuliza. Hakulia wala hakulaumu. Alisema, "Mjukuu wangu, dada aliikataa kodi, na alifanya vyema. Lakini aliyemalizia kuilipa ni mimi."

Maneno hayo yamenikaa moyoni kuliko kitabu chochote. Kwa ajili yake nimevirudia vitabu vile na kuvisoma upya, nikatambua ni nini wanachokiacha watungaji wengi. Huandika kana kwamba siri ina mwenyewe mmoja. Siri ya Nora karibu ilikuwa hivyo: ni yeye aliyeandika sahihi, ni yeye aliyelipa, naye aliweza kuitoa akatoka nayo. Lakini siri nyingi za nyumbani ni mali ya shirika. Mmoja hufukia, wa pili hulinda, wa tatu hukaa juu ya udongo wake bila ya kujua. Atakayefukua hufukua ya wote. Bibi mkubwa alikuwa na haki ya kukataa kulipa. Alikuwa na wajibu wa kumwambia baba yangu. Hakuwa na ruhusa ya mdogo wake, na siku tatu zilitosha kuitafuta, maana kutoka Tanga hadi Pangani si safari ya kulala njiani. Je, mdogo angekubali? Huenda angekataa. Hata hivyo angekuwa ameulizwa, na angepata usiku mmoja wa kumweleza mumewe kwa kinywa chake mwenyewe, badala ya mume kusikia kisimani kwa watu. Sidhani kwamba mzee yule alikasirishwa na mtoto wa mwaka 1946. Nadhani alikasirishwa na kuwa wa mwisho kujua.

Hapa lugha yetu inatusaidia ikiwa tutaisikiliza. Tunayo maneno mawili tusiyopaswa kuyachanganya: kuficha na kusitiri. Aficha mtu kwa ajili ya nafsi yake. Asitiri kwa ajili ya mwenzake. Sitara ni nguo: humfunika mtu asione baridi na haya, naye mwenyewe hujua kwamba amefunikwa. Kuficha ni shimo: kilichomo humo hakina hewa, na anayepita juu yake hajui. Kile ambacho bibi mkubwa alimfanyia mdogo wake mwaka 1946 kilikuwa sitara, na sitara njema. Mtoto alipata jina, msichana alipata maisha. Kilipopita mbele ya haki ya mtoto kuijua nasaba yake, nguo iligeuka shimo, na karani akapata mahali pa kusimama. Basi yatupasa kuitazama sitara mara kwa mara, kama mtu atazamavyo paa la makuti, kwa maana iliyofaa masika moja huenda ikavuja masika ya pili.

Yupo atakayesema kwamba mambo haya yamepita na waandishi wa barua wa sokoni. Naomba asidanganyike. Barua imekuwa picha ndani ya simu, na karani amekuwa mtu asiyeonekana, aandikaye usiku kutoka mji usiojulikana. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga yake mwaka 2018. Ni vyema, na anayetishwa leo aende polisi bila ya haya, kwa kuwa mkosaji mbele ya sheria ni mwenye kutisha. Lakini sheria hufika baada ya hodi. Kabla ya hodi ipo nyumba, na ndani ya nyumba yupo kijana anayeuliza moyoni mwake, "Nikimwambia baba, itakuwaje?" Jibu la swali hilo ndilo kipimo cha kodi atakayotozwa. Mzazi aliyemzoeza mwanawe kwamba makosa husikilizwa kabla ya kuhukumiwa amekwisha kumfilisi mtoza kodi kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo wanafunzi wanaponiuliza hadithi hizi za siri na vitisho zafaa nini, siwaambii ya kuwa zafundisha ujanja wa upelelezi. Nawaambia wasome, na wanapofika mahali ambapo mdai anaketi na kupokea kahawa, wamwache kidogo, wawatazame waliomo nyumbani mmoja mmoja. Nani anajua? Nani hajui na ana haki ya kujua? Nani atalipa ikiwa siri itatoka bila ya yeye kuulizwa? Mtungaji mzuri huwa amekwisha kuyajibu maswali hayo mahali fulani katika kitabu. Mtungaji asiye mzuri huwaacha watu wake wa Pangani wasionekane kabisa, nao ndio waliolipa zaidi.